Wiki za Kwanza Baharini

Mwenyekiti wetu hakuweza kufungua kikao bila samaki. Ajenda ingeweza kuwa pilau ya Idi, au ukumbi wa harusi, au nani aliyevunja kiti cha kukodi, yeye angesimama, akakohoa kidogo, akapandisha suruali juu ya kitambi, kisha akaanza: "Ndugu zangu, samoni atokapo mtoni..." Hapo kina mama tuliokaa nyuma tulifungua mifuko yetu ya karanga, maana tulijua safari ni ndefu. Na kikao kilipokwisha, watu wameshaanza kutafuta viatu vya watoto, aliuliza swali lake moja la kufungia: "Kuna aliyetoka Dallas leo?" Swali hilo nitalieleza. Kwa miaka mingi ndilo lililomkosesha usingizi.

Chama kilikuwa cha Waswahili wa Houston, na nikisema Waswahili nina maana ya kila aliyeijua lugha: watu wa Mombasa na Unguja, Watanzania kama mimi, na baadaye Wakongo waliokuja kwa mikupuo kutoka kambi za wakimbizi. Tulikutana Jumapili moja kila mwezi, alasiri, ili waliotoka kanisani wawe wameshakula na sisi wengine tuwe tumeshaswali. Mimi nilikuwa katibu. Yeye hakuniita jina langu hata siku moja tangu nichaguliwe. Hata nilipojifungua alikuja wodini na maua, akasimama mlangoni akasema, "Katibu, hongera," kana kwamba nimemaliza kuandika kumbukumbu za kikao. Nami nilimwita Mwenyekiti, na leo nikijaribu kumwita kwa jina lake naona namzungumzia mtu mwingine.

Ukimsikiliza ungedhani Bahari ya Pasifiki ni shamba lake. Ukweli, kwa kadiri tulivyoweza kuupata kutoka kwa mkewe, ni kwamba alifanya kazi miaka kadhaa huko kaskazini-magharibi mwa Marekani, kwenye kituo kinachoangua mayai ya samoni na kuwalea vifaranga ndani ya mabwawa ya zege. Wakifika urefu wa kiganja huachiwa mtoni, mto ukawapeleka baharini. Kisha mkewe akapata kazi ya uuguzi Houston, wakahamia Gulfton, kwenye fleti ya ghorofa ya pili, mahali ambapo samoni pekee ni yule aliyelazwa juu ya barafu dukani. Mwenyekiti akawa dereva wa gari la kuwapeleka wagonjwa hospitali. Lakini kila mwaka, Mei ikiishia, alichukua likizo yake yote, akapanda ndege kurudi kule, akaajiriwa kwa muda kwenye meli ya watafiti. Meli hiyo ilivuta wavu karibu na pwani ili kuona wale samaki wadogo waliotoka mtoni wamefika wapi, na kama wameshiba au wana njaa.

Alipenda kusema "utafiti wetu". Mkewe, ambaye ni mtu wa Malindi kama yeye na ulimi wake hauna breki, hakumwacha hata mara moja.

"Utafiti wenu? Weye washika ndoo."

"Ndoo ndiyo utafiti," alijibu bila kuona haya. "Bila ndoo, samaki wamuweka wapi?"

Na hata hiyo ndoo, kwa maelezo ya mkewe, nusu ya safari aliitumia kwa shughuli nyingine, maana bahari ilimchafua tumbo tangu nanga inapong'olewa. Alikuwa mtu wa pwani asiyejua kuogelea. Samoni hakumla kabisa. Ukimkaribisha kwako ukampikia samoni alisogeza sahani pembeni kwa heshima, akasema hawezi kumla mtu aliyemlea. Lakini dagaa alikuwa akiwabugia kwa mkono mzima, na nilipomuuliza dagaa wamemkosea nini, alisema hao hajuani nao.

Mafundisho yake yote yalihusu wiki za kwanza. Alisema samaki hafi wakati wowote kama anavyokufa katika zile wiki za mwanzo anapokutana na bahari. Akizivuka, ana maisha mbele yake. Asipozivuka, kazi yote ya bwawani imekwenda bure, na hutajua, kwa sababu samaki aliye hai hutamwona tena. Utakayemwona ni yule aliyeingia wavuni, na huyo ameshakufa. Jambo hili lilimsumbua kweli. Alifungulia maelfu ya samaki mlango na hakupata habari zao.

"Samaki wa bwawani," alitufundisha, "hajui mkono wamtakia nini. Tangu azaliwe, mkono ukitokea juu ya maji, chakula chaanguka. Basi akifika baharini akaona kivuli juu yake, apanda kukilaki. Yule aliyezaliwa mtoni mwenyewe akiona kivuli akimbilia chini. Na ndege wamekaa pale mdomoni mwa mto, wangoja." Hapo alitutazama mmoja mmoja. "Nyinyi nyote ni samaki wa bwawani."

Kuambiwa hivyo na mtu aliyevaa kandambili na soksi kunauma. Mume wangu aliinuka siku moja akasema yeye amekulia Tanga mjini, amesoma, na hajawahi kulishwa punje na mtu. Haikupita wiki, akaja kijana mlangoni kwetu, tai shingoni, tabasamu mpaka masikioni, akainama kumpa mume wangu mkono. Mume wangu akanunua mashine ya kufyonza vumbi ya bei ya kutisha, sisi ambao fanicha yetu yote ilikuwa godoro. Mwenyekiti alikuja kuiona. Aliizunguka mashine, akaupapasa mpira wake, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha mume wangu mpaka kivuli kikamwangukia usoni, kisha akaomba chai.

Jambo jingine lilikuwa friji. Kule melini walikuwa wakipasua matumbo ya samaki waliowavua ili kujua wamekula nini, na mara nyingi tumbo la samaki wa bwawani lilikutwa na vipande vya magome ya miti, kwa sababu gome linaloelea linafanana na zile punje alizozoea kutupiwa. Amejaza tumbo na ana njaa. Kwa hiyo Mwenyekiti alipoingia nyumbani kwa mgeni yeyote, kabla hajaketi, kabla hajasalimiwa vizuri, alikwenda moja kwa moja kufungua friji. Kwangu alikuta chupa kubwa ya soda ya rangi ya buluu, mkate wa maziwa, na vipakiti vya tomato vya bure tulivyokuwa tukiviokota kwenye duka la kuku. Alifunga mlango taratibu.

"Mwala magome," alisema.

Kesho yake mkewe alileta sufuria la maharage ya nazi. Niliona aibu, nikayala yote.

Sisi tulipitia mikononi mwake katikati ya miaka ya tisini, mimi na mume wangu, tulipopata viza ya bahati nasibu na kufika Houston bila ndugu. Tulilala kwenye zulia la sebule yake wiki tatu, ingawa siku ya nne tulikuwa tumeshapata chumba. Hakutaka tuondoke. Alisema samaki humwagi tu. Lori linapofika mtoni na tangi lake, maji ya tangi na maji ya mto lazima yajuane kwanza: unachota ndoo moja ya mto unatia tangini, unangoja, unatia nyingine, unangoja, mpaka samaki asihisi amehama. Ukiwamwaga kwa pupa wanageuka matumbo juu.

Basi na sisi tukachanganyiwa maji. Siku ya kwanza alitupeleka duka kubwa la vyakula, akaegesha gari mbali, tukakaa ndani ya gari tukitazama milango inavyojifungua. Ilikuwa Agosti, na kiyoyozi cha gari lake kilikuwa kimekufa. Siku ya pili tuliruhusiwa kufika kwenye vitoroli na kurudi. Siku ya tatu tukaingia hadi kwenye mikate. Mimi nilikuwa nimeishi Dar es Salaam miaka sita na nilijua duka ni kitu gani. Nilimwambia mume wangu kwa sauti ya chini kwamba huyu mzee atatuua kwa joto kabla bahari haijatuua. Lakini kusema kweli, siku tuliyoingia lile duka lote, nikaona ule ukuta wa chakula cha paka peke yake, sikupata kizunguzungu alichokipata shemeji yangu alipokuja baadaye akaingizwa siku ya kwanza. Yeye alilia mbele ya rafu ya mafuta ya kupikia na hakuweza kutuambia kwa nini.

Na mwisho wa yote kulikuwa na mtihani. Hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuondoka kwa Mwenyekiti mpaka amwambie mtu hapana, kwa Kiingereza, mbele yake, na mtu huyo awe anatabasamu. Aliwapeleka wageni kwenye jumba la maduka wanakopita wauza marashi na kadi za simu, yeye akasimama nyuma ya nguzo akisikiliza. Ukisema "No, thank you" ulirudia. "Iondoe hiyo thank you," alisema, "ndiyo mlango wao wa kuingilia." Mimi sikufika kwenye nguzo. Jioni moja aliniambia itafaa tukae wiki moja zaidi, akanitabasamia, nikamtazama machoni nikamwambia, "No." Alifurahi mtu yule. Alituvutia masanduku yetu mwenyewe mpaka kwenye gari.

Furaha alikuja mwishoni mwa miaka ya tisini, Mei ikiishia. Alikuwa binti wa Uvira, mwenye miaka ishirini na kidogo, peke yake, ametoka kambini Kigoma. Chumba alichoandaliwa na shirika la wakimbizi kilikuwa bado kinapakwa rangi, kwa hiyo mhudumu wa shirika akampeleka kwa Mwenyekiti alale siku chache, kama walivyozoea. Mimi nilimwona mara moja, ameketi ukingoni mwa kochi, mikono mapajani, anaitikia kila kitu. Ukimuuliza kama anataka chai, ndiyo. Ukimuuliza kama hataki, ndiyo.

Hata wiki haijaisha, binamu yake akapiga simu kutoka Dallas. Ghala moja la viatu linaajiri watu, aje kesho. Na kesho hiyohiyo Mwenyekiti alikuwa na tiketi ya ndege ya kaskazini, na meli haikuwa ya kumngoja mshika ndoo. Kwa sheria zake mwenyewe binti alikuwa bado kabisa. Hajapanda basi la mjini peke yake. Duka ameliona kutoka ndani ya gari tu. Hapana hajamwambia mtu. Mwenyekiti angeweza kusema subiri, au angeweza kumwachia mkewe, ambaye wiki ile alikuwa zamu mfululizo. Badala yake alimpeleka kituo cha basi asubuhi, mabuti yake ya mpira yakiwa tayari kwenye buti la gari. Pale kituoni mwanamume mmoja alitabasamu akaomba kumbebea Furaha begi, na Furaha akampa. Mwenyekiti akalinyakua, akampandisha binti basini, akalitazama basi mpaka lilipokunja kona, akaenda uwanja wa ndege.

Aliporudi, simu ya binamu ilikuwa imekatwa. Shirika likasema Furaha ni mtu mzima na ameondoka kwa hiari yake. Tangu siku hiyo hakukuwa na habari.

Huko nyuma nimemcheka, na nitamcheka tena, lakini hapa sikuwahi. Mwaka uliofuata Mei iliishia na Mwenyekiti hakwenda kaskazini. Alisema mgongo. Mwaka mwingine akasema tena mgongo, na mgongo huohuo ulikuwa unainua viti vya magurudumu na wagonjwa wake kila siku. Mkewe aliniambia ukweli tukiwa tunaosha masufuria. "Asema alimfungulia mtoto wa watu mlango kwa sababu yeye ana haraka ya kwenda kutapika baharini. Usiku aamka aniuliza, wadhani yule mtu wa kituoni alipanda basi lilelile?"

Alianza kwenda Dallas, saa nne za barabara kwenda na nne za kurudi, kwenye siku zake za mapumziko. Alisikia Wakongo wengi wanasali huku na huku, basi akawa anasimama nje ya makanisa Jumapili, kofia ya kiua kichwani, akiwauliza watu wakitoka ibadani kama wanamjua Furaha. Wakongo wenye jina hilo ni wengi, na waliletwa kina Furaha wa kila umri. Mmoja alikuwa bibi kizee aliyemkumbatia. Mchungaji mmoja alidhani mzee wa watu ameguswa na Roho, akamwekea mikono kichwani akamwombea mbele ya waumini. Mwenyekiti alisimama kimya mpaka dua ikaisha, akaitikia amina, akauliza tena kama wanamjua Furaha.

Chamani watu walianza kumtania kwamba ana mke wa pili Dallas. Mkewe alipolisikia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu? Mmoja mwenyewe amemshinda."

Kitu cha kuchekesha ni kwamba wale wengine wote aliowapokea hawakumpa nafasi ya kupumua. Walimpigia simu bili ya umeme ikija, mtoto akitapika, taa ya gari ikiwaka nyekundu. Mimi mwenyewe nilimpigia kumuuliza kama zabibu za bure ofisini zina masharti. Aliwalalamikia sana. "Samaki gani hawa," alisema, "nimewaachia baharini, kila siku warudi kugonga bwawa." Lakini simu ikilia aliiwahi kabla ya mlio wa pili, na alipoiweka chini nilimwona anavyokuwa. Alikuwa amengoja sauti nyingine.

Miaka ikaenda. Mimi na mume wangu tukanunua nyumba Katy, nje ya mji, na maisha yetu yakawa ya barabarani, asubuhi saa nzima kwenda na jioni saa nzima kurudi. Chama kikapungua, vijana wakawa na mambo yao, watoto wetu tukiwasemesha Kiswahili wanajibu Kiingereza. Mwenyekiti akaanza kuumwa sukari, ikamshika macho, akaacha kuendesha gari. Kwa hiyo Dallas hakwenda tena. Alibaki na lile swali lake, akimuuliza kila aliyepita.

Mwaka 2007 tulialikwa harusi DeSoto, kule kusini mwa Dallas. Bwana harusi alikuwa Mkongo aliyefanya kazi na mume wangu zamani. Kwenye ukumbi nilikwenda jikoni kusaidia kupakua, kama ilivyo kawaida, nikajikuta karibu na mwanamke mnene mwenye kitenge kizuri cha zambarau, anawapanga wenzake kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa: wewe wali, wewe sombe, wewe usiguse kuku. Tukaongea tukipakua. Nikamuuliza ametoka wapi.

"Mimi ni wa Uvira. Lakini nilipitiaka Houston mbele ya kuja huku."

Jina lake, akasema, ni Furaha. Nimekutana na kina Furaha wengi kwa ajili ya Mwenyekiti na sikutegemea kitu. Nikamuuliza kwa mazoea tu: Houston alilala kwa nani, si kwa mzee mmoja wa Gulfton, mwenye mke muuguzi?

Alisimamisha upawa, akafikiri.

"Eeh. Ule muzee wa hoteli?"

"Hoteli gani?"

"Hoteli ya ajansi, ya lile shirika. Kwenye banalalishaka bageni. Ule muzee alikuwa anatumika pale na bibi yake." Akaanza kutabasamu. "Alikuwa anasema sana, mambo ya samaki. Na alikuwa anafungua frigo, anachungulia, anafunga. Nikasema, labda njo kazi yake, kukontrole."

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kumpigia simu.

"Nipigie hoteli juu ya nini, mama?" alisema, na hakuwa na ubaya wowote. Alishangaa tu.

Nilikasirika. Sitaficha. Nilisimama pale na sahani ya wali mkononi nikamchukia yule mwanamke kwa muda, kwa niaba ya mzee aliyepoteza macho akitazama barabara. Lakini yeye aliendelea kunieleza maisha yake kwa moyo mweupe. Binamu alikuwa amemngoja kituoni siku ile. Simu ilikatwa kwa sababu walihamia chumba kingine. Kwenye ghala la viatu aliingia kufunga maboksi, na sasa ndiye msimamizi wa zamu. Mumewe anaendesha lori. Wamenunua nyumba, hapo DeSoto. Msichana wa miaka sita hivi akaja akamvuta kitenge. "Mom, they're cutting the cake. Come on." Akanitambulisha kwake: huyu ni Riziki, msalimie mama. Riziki alinisalimia kwa Kiingereza.

Nikachukua namba ya simu ya Furaha, na tuliporudi Houston kesho yake mume wangu aliendesha, mimi nikawa natunga. Sikuweza kumpelekea Mwenyekiti habari za hoteli. Nilianza na salamu tu: Furaha anakusalimu sana. Baadaye nikaongeza kwamba anamwombea kila Jumapili. Kabla hatujafika Huntsville Furaha wangu alikuwa amelia mikononi mwangu na kumsimulia bintiye habari za babu yake wa Gulfton, na nilikuwa nimejiliza mwenyewe kidogo. Mume wangu aliniuliza nina nini.

Tulikwenda kwake moja kwa moja. Mume wangu alibaki chini na gari. Mwenyekiti alikuwa ameketi sebuleni karibu na dirisha, kikoi kiunoni, chai mezani.

"Katibu," alisema aliposikia sauti yangu. "Bado mwaishi ndani ya gari huko Katy?"

"Mwenyekiti, nimemwona Furaha."

Hakuuliza Furaha yupi. Mkewe alitoka jikoni na mikono ya unga, akasimama mlangoni.

"Yu hai," alisema Mwenyekiti.

"Yu hai. Mzima kabisa. Nimepakua naye wali jana, DeSoto."

"Binamuye alimpokea?"

"Alimpokea. Alikuwa anamngoja kituoni."

Hapo alifumba macho. Alipofumbua aliuliza kwa mpangilio, kama mtu aliyekuwa na maswali hayo tayari miaka yote. Amenenepa? Nikasema amenenepa vizuri. Afanya kazi wapi? Nikamwambia. Asimamiwa au asimamia? Anasimamia, nikasema, na hata pale jikoni alikuwa anatusimamia sisi. Ana mtu? Ana mume, ana nyumba, ana binti anaitwa Riziki. Kila jibu alilirudia kwa sauti ndogo, mkewe naye akilipokea kule mlangoni.

"Na mimi anikumbuka?"

Nilifungua mdomo kutoa ule uongo wangu mzuri. Lakini alikuwa ameinama mbele, na yale macho ambayo hayakuniona tena sawasawa yalikuwa yanatafuta uso wangu ulipo, na uongo ukanikwama.

"Hakukumbuki vizuri, Mwenyekiti. Alidhani hapa ni hoteli ya shirika. Alidhani nyinyi ni wafanyakazi."

Mkewe alijiziba mdomo kwa mkono wa unga. Nilitamani zulia linimeze. Mabega ya Mwenyekiti yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, cheko la tumboni ambalo sikuwa nimelisikia tangu Furaha aondoke.

"Hoteli," alisema. "Wasikia, mama? Miaka yote hii twaendesha hoteli."

"Na mpishi ni mie," alisema mkewe, "na mshahara sijauona."

Walicheka wote wawili. Mimi niliketi pale sijui nicheke au nilie. Kisha akatulia, akajifuta uso kwa ncha ya kikoi.

"Kwa hivyo hakukaa kule akisema yule mzee alinitupa."

"Hapana."

"Hakuogopa. Hakuningoja."

"Mwenyekiti, hakukuwaza hata siku moja."

"Alhamdulillahi," alisema.

Alilisema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, na hapo ndipo nami nililia. Mkewe akaja akakaa ubavuni mwake. Nikatoa simu yangu, nikamwambia namba ya Furaha ninayo, nimpigie sasa hivi waongee, nitamweleza kila kitu, atafurahi kujua. Mwenyekiti alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaukuta mkono wangu, akaufunika pamoja na simu.

"Mwache, Katibu," alisema. "Yuko kwake."